Jamu Mezani kwa Asiyekula Gluteni

Jamu ya matunda, kwa jinsi inavyotengenezwa kwa kawaida, haina gluteni. Tunda halina, sukari haina, ndimu inayotiwa ili kuipa ukali haina, na hata pektini, yaani kile kinachopatikana ndani ya tunda na kuifanya jamu igande, hutolewa kwenye maganda ya machungwa na malimau au kwenye makapi ya matufaha yaliyokamuliwa, wala haitoki kwenye nafaka. Kwa mtu aliyekatazwa ngano na daktari, jibu hilo linatosha kumwondolea hofu anaposimama mbele ya rafu ya duka. Halitoshi, hata hivyo, kumwongoza akishafika mezani, kwa sababu jamu hailiwi peke yake, bali huletwa karibu siku zote pamoja na mkate, na hupakwa kwa kisu kilekile kilichokwisha kuugusa mkate huo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kisu kuliko tunda.

Gluteni ni jina la pamoja la protini zinazopatikana katika punje za ngano, shayiri na rai, nazo ndizo zinazoufanya unga wa ngano uliokandwa uvutike na kushikana, hata chapati ikasukumika bila kupasuka na mkate ukaumuka bila kubomoka. Mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi na jamii yote ya kunde hazina protini hizo. Oti zina protini ya aina nyingine ambayo wagonjwa wengi huivumilia, lakini kwa kuwa mara nyingi huvunwa, husafirishwa na kusagwa kwa vyombo vilevile vinavyotumika kwa ngano na shayiri, zinazohesabiwa kuwa salama ni zile tu ambazo kifungashio chake kimethibitisha kwamba hazina gluteni. Rai, kwa upande wake, haionekani sana Afrika Mashariki, ingawa si ngeni kabisa: wageni wanaopanda milima ya Usambara hulijua shamba la Irente, karibu na Lushoto, kwa jamu, jibini na mkate wake wa rai.

Wanaoepuka gluteni wako katika makundi matatu, na kuyachanganya huleta ushauri mbaya. Kundi la kwanza ni la wenye ugonjwa wa seliaki, ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, hugeuka na kuushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, ikavinyausha vile vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula, hata mgonjwa akapungukiwa damu, akaharisha, akakonda au, akiwa mtoto, akadumaa. Ugonjwa huu hauna dawa, na tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Kundi la pili ni la wenye mzio wa ngano, ambao mwili wao huikataa ngano kwa namna nyingine na kwa haraka zaidi, pengine kwa kuvimba midomo au kubanwa na pumzi, lakini mara nyingi wanaweza kula shayiri na rai bila dhara. Kundi la tatu ni la watu ambao vipimo havionyeshi seliaki wala mzio, ila wakila ngano tumbo hujaa na kuuma, na wakiiacha hupata nafuu. Mtu wa kundi la kwanza huhesabu miligramu. Wa kundi la tatu kwa kawaida halazimiki kufika huko.

Takriban mtu mmoja katika kila watu mia moja duniani hukadiriwa kuwa na seliaki, na kiwango cha juu kilichowahi kupatikana, zaidi ya asilimia 5, kilipimwa miongoni mwa watoto wa Kisaharawi wa Sahara Magharibi. Kusini mwa Sahara ugonjwa huu hutajwa kwa nadra, na kwa kuwa kuharisha na upungufu wa damu katika nchi zetu vina sababu nyingi nyingine, si ajabu ukapita bila kutambuliwa. Hapa pana onyo moja ambalo haliwezi kusubiri mwisho wa mwongozo: anayeshuku kwamba ana seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni ikiendelea kuliwa, na kipimo cha pili, cha kutazama kipande kidogo cha ukuta wa utumbo kwa hadubini, hutafuta madhara ambayo huanza kupona gluteni ikiachwa; mtu aliyekwisha kuiacha kwa miezi kadhaa anaweza kuambiwa ni mzima ilhali si mzima.

Historia ya tiba ya seliaki ina kisa kinachoyahusu matunda moja kwa moja. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa Marekani, Sidney Haas, alitangaza kwamba amewatibu watoto wenye ugonjwa huo kwa kuwalisha ndizi kwa wingi na kuwanyima mkate, biskuti na nafaka, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba ndizi yenyewe ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kuponya. Ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeonyesha katika tasnifu yake ya 1950 kwamba watoto wa namna hiyo hupona kwa kuondolewa ngano na nafaka za jamii yake. Ndizi ilikuwa imeshika tu nafasi ya mkate, nao watoto wakashiba bila kudhurika.

Ili kujua ni lini jamu inaweza kuacha kuwa salama, yafaa kujua inavyogandishwa. Matunda huchemshwa pamoja na sukari mpaka maji mengi yapotee na vilivyoyeyuka ndani yake, ambavyo kwa sehemu kubwa ni sukari, vifikie asilimia 60 hadi 65 ya uzito wote au zaidi, kama unavyotaka mwongozo wa mwaka 2009 wa Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kuhusu jamu, jeli na mamaledi. Katika hali hiyo, na ikiwa ukali wa asidi unatosha, pektini hujisuka na kuushika mchanganyiko wote. Lakini matunda hayalingani kwa pektini: mapera, ndimu na maganda ya pasheni yanayo kwa wingi, ilhali nanasi na papai bivu yana kidogo, na embe jinsi linavyozidi kuiva ndivyo pektini yake inavyozidi kudhoofika. Jamu ya mapera hujigandisha yenyewe. Jamu ya nanasi huhitaji msaada. Kiwanda kikubwa huununua msaada huo ukiwa pektini ya unga, yenye alama ya E440 katika orodha ya viambato. Msindikaji mdogo anayeiona pektini ni ghali anaweza kuchemsha maganda ya pasheni na kutumia maji yake, ambayo ni njia nzuri na salama. Lakini anaweza pia kuongeza kijiko cha unga ili rojo liwe zito, na swali lote la gluteni katika jamu ya nyumbani limo ndani ya kijiko hicho. Unga laini wa mahindi au wanga wa muhogo hauna tatizo, ila unga wa ngano unalo, na kuuchemsha hakuondoi chochote, kwa sababu joto la jikoni haliiharibu gluteni kiasi cha kuifanya isitambuliwe na mwili wa mgonjwa.

Kwa hiyo anayenunua jamu kwa msindikaji wa mtaani, kwenye maonyesho ya Sabasaba au Nanenane, au kwa kikundi kilichofunzwa usindikaji na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo Tanzania, hana haja ya kuuliza maswali mengi. Atauliza jamu imegandishwa kwa kutumia kitu gani, na atauliza kama katika jiko hilohilo hukandwa maandazi au keki. Swali la pili halina dharau, na msindikaji mwaminifu hulijibu bila kununa: mahali ambapo unga wa ngano hupepetwa asubuhi, vumbi lake hutua juu ya meza, juu ya sufuria iliyofunuliwa na ndani ya chupa zinazosubiri kujazwa.

Jamu ya kiwandani huulizwa kwa kusoma lebo, na hapo maneno ya kutisha ni mengi kuliko maneno ya hatari. Asidi ya sitriki, yenye alama ya E330, hutengenezwa kwa kuvundika sukari kwa msaada wa kuvu na haina gluteni. Dawa za kuhifadhi zinazoonekana mara nyingi, E202 na E211, ni chumvi za kikemikali zisizohusiana na nafaka. Rangi ya karameli, E150, hutokana na sukari iliyounguzwa. Maltodekstrini, maltosi na maltitoli huwashtua wasomaji kwa sababu majina yao yanafanana na jina la kimea kwa Kiingereza, lakini haya ni mazao ya wanga uliovunjwavunjwa na kusafishwa, wala hayana haja ya kuogopwa. Sharubati ya glukosi huhitaji maelezo kidogo zaidi, kwa kuwa barani Ulaya wakati mwingine hutengenezwa kwa wanga wa ngano. Hata hivyo usafishaji wake huacha protini kidogo mno, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeiondolea sharubati hiyo sharti la kuandikwa kama kizio, yaani kiambato kinachoweza kuleta mzio.

Maneno yanayostahili kumsimamisha mnunuzi ni machache. La kwanza ni kimea, kiwe cha unga au cha maji, ambacho kwa kawaida hutokana na shayiri iliyochipuzwa na hubaki na gluteni. La pili ni wanga, au wanga uliorekebishwa, ambao unaweza kutoka kwenye mahindi, muhogo, viazi au ngano. Kanuni za Codex zinataka nafaka zenye gluteni zitajwe kwa jina, hivyo wanga wa ngano unapaswa kuandikwa kuwa ni wa ngano, na lebo isiyofafanua inafaa kuachwa pale ambapo chupa nyingine ipo kando yake. La tatu ni bia, ambayo huonekana katika jeli chache za kigeni. Pombe zilizokenekwa, kama whisky inayotiwa katika baadhi ya mamaledi za Uskoti, hazimo katika hatari hiyo, kwa kuwa protini ya shayiri haipandi pamoja na mvuke. Msomaji anayeishi Marekani, au anayeletewa chupa kutoka huko, akumbuke kwamba sheria ya vizio ya mwaka 2004 inalazimisha ngano itangazwe lakini hailazimishi shayiri wala rai, hivyo kutoliona neno ngano kwenye lebo ya Kimarekani hakumalizi uchunguzi. Alama ya kutokuwa na gluteni, ambayo huko imewekewa masharti tangu 2013, ndiyo inayomaliza.

Alama hiyo, popote inapofuata kanuni za Codex, Umoja wa Ulaya au Marekani, ina maana kwamba chakula hakizidishi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo moja. Haimaanishi sifuri, kwa sababu sifuri haipimiki, lakini ni kiasi ambacho wagonjwa wengi sana hula bila madhara. Mwenye mzio wa ngano, hata hivyo, asiitegemee, kwa kuwa sheria za nchi nyingi zinaruhusu wanga wa ngano uliotolewa gluteni utumike katika chakula chenye alama hiyo. Na jamu isiyo na alama isihukumiwe kuwa mbaya kwa sababu hiyo tu: viwanda vingi haviiweki kwa kuwa havijalipia vipimo, wala mnunuzi hana sababu ya kulipa bei ya ziada kwa nanasi na sukari zilizoandikwa kuwa hazina gluteni ikiwa chupa ya jirani, ya bei ya kawaida, imeandikwa matunda, sukari, pektini na asidi ya sitriki bila kitu kingine.

Rafu ya jamu ina majirani ambao si jamu, na mkono wenye haraka huwachukua kwa makosa. Vipakwa vya biskuti zilizosagwa, ambavyo vimeenea katika maduka makubwa, ni ngano tupu kwa maana ya mgonjwa. Vipakwa vya chokoleti hutofautiana, na kila kimoja husomwa lebo yake. Krimu ya limau inayotengenezwa kwa mayai na siagi wakati mwingine huongezewa wanga. Na ule mchanganyiko wa matunda makavu ambao Waingereza huutia katika vitafunio vya Krismasi, ingawa huuzwa katika chupa inayofanana na ya jamu, wakati mwingine huwa na mafuta ya mnyama yaliyonyunyiziwa unga wa ngano ili yasigandamane.

Baada ya hayo yote, chupa iliyochaguliwa kwa uangalifu hufika nyumbani, na hapo ndipo inapoharibiwa. Slaisi moja ya mkate mweupe, yenye uzito wa gramu 30 hivi, ina takriban gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Chupa ya jamu ya gramu 450, ili ibaki ndani ya kipimo cha miligramu 20 kwa kilo, haipaswi kuwa na zaidi ya miligramu 9 za gluteni kwa jumla. Makombo yanayobeba kiasi hicho hayafikii sehemu moja kati ya mia mbili ya slaisi. Yakikusanywa pamoja hayajazi hata robo ya kijiko cha chai. Kisu kinachopaka jamu juu ya mkate, kikarudi chupani kuongeza, kikapaka tena, hupeleka makombo kila kinaporudi, na familia ya watu watano wanaokula chai ya asubuhi kwa namna hiyo inaweza kuivusha chupa mpaka wake kabla kifungua kinywa hakijaisha. Tena makombo hayajisambazi sawasawa: mgonjwa anaweza kuchota mara nne bila kukutana na kombo lolote, na mara ya tano akachota yote. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu mfululizo, zinatosha kuuharibu ukuta wa utumbo wa mgonjwa wa seliaki, na wataalamu wengi hushauri jumla ya siku nzima isizidi miligramu 10. Jamu ya familia, kwa hiyo, ni salama dukani na si salama wiki moja baadaye, ingawa lebo yake haijabadilika hata herufi moja.

Dawa ya jambo hili ni nyepesi mno kiasi kwamba watu huidharau. Mgonjwa awe na chupa yake, iliyoandikwa jina lake kwa kalamu isiyofutika, na iwekwe rafu ya juu ili isidondokewe na unga wala makombo. Chupa ya plastiki ya kubinya, kama zile za tomato sosi, ni bora zaidi kwa sababu hakuna kisu kinachoingia ndani yake. Familia isiyomudu chupa mbili inaweza kushika utaratibu wa kijiko: kijiko safi huingia chupani, hudondoshea jamu kwenye sahani ya kila mmoja bila kugusa mkate, na kila mtu hupaka kwa kisu chake kutoka kwenye sahani yake. Utaratibu huo hufaulu nyumbani kwa watu wazima, lakini penye watoto watatu na basi la shule linapiga honi nje, ni chupa mbili tu zinazofaulu. Yote haya yanaihusu siagi pia, na asali, na siagi ya karanga, kwa maana kisu hakichagui.

Nje ya nyumba hatari huongezeka kwa sababu chombo ni cha wengi. Katika meza za kujihudumia za hoteli, bakuli la jamu huwa na kijiko kimoja kilichopita juu ya mikate ya wageni wote, na yafaa mgeni aombe vile vipakiti vidogo vilivyofungwa, ambavyo hoteli nyingi huwa navyo, au chupa mpya ifunguliwe mbele yake. Mwanafunzi wa bweni yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa huko kopo la jamu ni mali ya wenzake wote wa chumba hata kama limenunuliwa na mzazi mmoja, na mtoto anayekataa kuwachangia huonekana mchoyo. Mzazi hutenda vema akimpa makopo mawili, moja la kugawa na moja la kwake, na akamweleza mlezi wa bweni sababu kwa maandishi, ikiwezekana kwa barua ya daktari.

Kuhusu kinachopakwa jamu, Mswahili ana bahati ambayo mgonjwa wa Ulaya, anayenunua mkate wa bei kubwa unaobomoka mkononi, hana. Mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha hupokea jamu ya ukwaju au ya nanasi vizuri kuliko mkate. Mkate wa kumimina wa Unguja, ambao hutengenezwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui, hamira na sukari, hauna ngano ukifuatwa mapishi yake ya asili, na vivyo hivyo vibibi na vitumbua, mradi mpishi awe hakuongeza unga wa ngano ili kupunguza gharama au kulainisha, jambo linalofanyika na linalopasa kuulizwa kila mara vitumbua vinaponunuliwa barabarani. Mkate wa mofa wa mtama nao ulistahili kuwemo, lakini siku hizi wengi huuchanganya na ngano. Ulezi, mtama na mahindi ni salama kama punje. Zikishapita katika mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano, hazina hakika tena, na mgonjwa wa seliaki ni heri asage mwanzo wa siku, mashine ikiwa imesafishwa, au anunue unga uliofungwa. Unga wa lishe unaouzwa kwa ajili ya uji wa watoto mara nyingi huwa na ngano ndani ya mchanganyiko wake, na kijiko cha jamu juu ya uji huo hakina kosa lolote: uji ndio wenye kosa.

Anayetaka kukwepa maswali yote ya lebo anaweza kuipika jamu mwenyewe. Kilo moja ya nanasi lililomenywa na kukatwakatwa, au nusu nanasi na nusu maji ya pasheni, huchemshwa kwanza peke yake mpaka lilainike, pamoja na maganda ya pasheni mawili au matatu yaliyooshwa na kufungwa katika kitambaa ili yatoe pektini. Kisha maganda huondolewa, sukari ya gramu 750 hadi kilo moja hutiwa pamoja na maji ya ndimu mbili au tatu, na moto huongezwa. Jamu huwa tayari joto lake linapozidi la maji yanayochemka kwa digrii 4 au 5 za Selsiasi, yaani 104 hadi 105 Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, jamu huiva kwenye 98 au 99, na anayengoja ifike 105 huko ataishia na peremende. Asiye na kipimajoto hudondosha tone kwenye sahani iliyowekwa kwenye friji: tone likisukumwa kwa kidole likajikunja, jamu imeiva. Vyombo ndivyo vinavyohitaji macho zaidi kuliko moto. Mwiko wa mti uliozoea kukoroga unga wa ngano huuficha unga huo katika nyufa zake, na chekecheo au chujio lililopepetea unga haliwezi kusafishwa kikamilifu katika matundu yake. Vifaa vyote viwili viwe vipya na vitengwe.

Sukari hiyo yenyewe inahitaji kutajwa, kwa kuwa maneno ya kutokuwa na gluteni yamekuwa na sura ya afya ambayo hayana. Kijiko kimoja cha chakula cha jamu, gramu 20 hivi, hubeba takriban gramu 12 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Vijiko viwili vinakaribia kuifikia hiyo nusu. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao huwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko watu wengine wa kuwa na seliaki pia, hulazimika kuisoma lebo ileile mara mbili, kwa macho mawili tofauti. Vile vipakwa vya matunda vinavyotangazwa kuwa havikuongezwa sukari mara nyingi hutiwa utamu kwa maji ya zabibu au ya tufaha yaliyokolezwa, ambayo mwilini hayatofautiani na sukari. Na vile visivyo na sukari kabisa hutumia sorbitoli au maltitoli, ambazo zikiliwa kwa wingi hujaza tumbo gesi na kuleta kuharisha. Mgonjwa wa seliaki anayepata dalili hizo baada ya kula kipakwa cha namna hiyo hudhani amekula gluteni, akaanza kuituhumu jamu, mchele na kila kitu, kumbe ni kile kiambato cha utamu.

Kwa hiyo ambaye dalili zake hazipungui baada ya miezi kadhaa ya kujizuia asianze kwa kuyaacha matunda. Aanze na kisu, kisha mashine ya kusaga, kisha mchuzi wa soya, sosi za kopo na viungo vilivyochanganywa tayari, ambavyo hubeba ngano mara nyingi kuliko jamu. Na pale uchunguzi wa nyumbani unapokwama, arudi kwa daktari au kwa mtaalamu wa lishe akiwa ameandika kila alichokula kwa wiki mbili, pamoja na picha za lebo zote, hata ya chupa ya jamu.